Mkwe Hapigwi

Walthamstow, London
9 Februari

Babu yangu Mzee Vuai,

Assalamu alaykum. Shikamoo.

Hunijui. Mimi ni Mansour, mtoto wa binti yako Mwanabaraka na mumewe Tom. Nina miaka ishirini na tatu. Nimezaliwa Ireland, mkoa wa Clare, kwenye kijiji chenye kanisa moja, duka moja na ng'ombe wengi kuliko watu, ila tangu mwaka juzi naishi London kwa ajili ya kazi. Nafunga nyaya za umeme kwenye majumba mapya ya Stratford. Kiswahili changu nimefundishwa na mama, kwa hiyo ukiona nimekosea, ujue nimekosea kwa lafudhi ya Makunduchi.

Nakuandikia kwa sababu mkono wangu wa kushoto umo ndani ya plasta na sina la kufanya. Bi Lata, mwenye nyumba ninayopanga, ni mzaliwa wa Mkunazini hapo mjini kwenu. Ameniona nimekaa wiki nzima natazama ukuta, akaniambia, "Mkono wa kulia mzima, na babu yako yu hai. Unangoja nini?" Amesoma skuli moja na mwalimu mkuu wa huko Makunduchi. Basi yeye ataipiga picha barua hii, na mwalimu ataitoa kwenye karatasi akuletee. Mama alishaniambia kwamba simu huzitaki, sauti zinakupotea.

Mkono nilivunjwa mchezoni. Mchezo wetu wa Ireland unaitwa hurling. Watu kumi na watano kwa kumi na watano, kila mmoja na fimbo yake pana mwishoni, wanagombania kijimpira kigumu cha ngozi, ukubwa wa chungwa dogo. Ukikipitisha juu ya mwamba wa goli ni pointi moja, ukikiingiza wavuni ni tatu. Nilianza nikiwa na miaka sita. Nimechezea timu ya vijana ya mkoa mbele ya watu elfu ishirini, kisha timu ya wakubwa wakaniacha, wakasema sina kifua cha kusukumana na wakubwa. Hapa London nachezea klabu ya Waayalandi waliokuja kutafuta kazi kama mimi. Uwanja uko Ruislip, mwisho kabisa wa mji, na katika watazamaji wetu wamo mbwa. Na hatulipwi, babu. Hapa hatulipwi, na kule mbele ya elfu ishirini pia hatukulipwa. Tunacheza tu.

Sasa neno lenyewe. Kila sikukuu ya Idd mama akishapika hutoka nje, akaenda kusimama zizini kwa ng'ombe, na akirudi macho yake mekundu. Nilipokuwa mdogo alikuwa akisema ni moshi. Mwaka jana nilimwuliza tena, akaniambia, "Sina radhi ya baba yangu."

Nimekuja kumwombea hiyo radhi. Kosa lenyewe silijui. Naomba uniambie ni lipi, ili nijue naomba kitu gani.

Mjukuu wako,
Mansour


Makunduchi, Unguja
2 Machi

Mansour,

Wa alaykum salaam. Marahaba.

Kila barua ya balaa hunijia kutoka Walthamstow. Ya kwanza niliipata miaka ishirini na sita iliyopita, mwandishi ni baba yako. Alikuja hapa kutandika mabomba ya maji. Maji tukayanywa, tukamshukuru. Kisha Mwanabaraka akaenda London kusoma uuguzi, na yeye huyo nyuma yake. Mara naletewa bahasha: "Mzee Vuai, naomba kumwoa binti yako." Bahasha! Hakuja mwenyewe, hakutuma mzee, hakutuma mshenga, hata jirani wa kuokotwa njiani. Mimi binti yangu nimwoze kwa stempu?

Sikujibu. Na hao, kwa kuwa sikujibu, wakasema kimya ni ridhaa, wakafunga ndoa. Mansour, kimya ni ridhaa ya mwari. Yeye akiulizwa huona haya, akainama, watu wakaelewa. Mimi ni baba wa mwari, haya ya nini? Mimi nilinyamaza kwa hasira. Watu wazima wawili, wote wamesoma, wakashindwa kupambanua kimya cha haya na kimya cha hasira.

Nasikia baba yako alisilimu kabla ya ndoa. Alhamdulillahi, hilo ni lake na Mola wake. Kwangu mimi hajaposa.

Ulitaka kujua, umejua. Usiniandikie tena.

Babu yako,
Vuai

Nyongeza: Mwalimu amenionesha huo mchezo wenu kwenye simu yake. Sikujua kama wazungu nao wana Mwaka. Wale mliokuwa mkipigana nao ni watu wa upande gani? Mlikuwa na ugomvi gani nao? Na huyo aliyekuvunja mkono, mmeshasameheana? Hayo unaweza kunijibu.


Walthamstow
15 Machi

Babu, shikamoo.

Umeniambia nisikuandikie tena, kisha ukaniuliza maswali matatu. Bi Lata anasema huo ni mlango ulioachwa wazi kwa makusudi. Haya, naingia.

Habari za Mwaka mama amenisimulia tangu utotoni. Kwamba siku ya mwaka mpya wenu watu wa kusini na watu wa kaskazini hutoka uwanjani, kila mmoja na bua la mgomba, na mwenye kinyongo na mwenzake humpiga mpaka kimtoke. Kwamba kibanda cha makuti huchomwa, wanawake huimba, na jua likizama hakuna ruhusa ya kinyongo kuvuka. Nilikuwa nikisikia hivyo nikiwa kitandani, natamani tuwe nao Clare.

Lakini sisi hatukuwa na ugomvi, babu. Nimefikiri sana jinsi ya kukueleza na nimeona aibu kidogo. Tunapigana hivyo bila sababu yoyote. Aliyenivunja mkono anaitwa Tony, fundi bomba wa Thamesmead. Mechi ilipokwisha alinipeleka hospitali kwa gari lake, akakaa na mimi mpaka plasta ikakauka, akaninunulia chipsi. Kwa hiyo tumesameheana, kama kulikuwa na la kusamehe.

Fimbo yangu ya kwanza alinichongea baba. Tangu nina miaka sita hajawahi kukosa mechi yangu hata moja. Husimama mahali pamoja, penye bendera ya kona, amevaa koti lake la mvua la kijani hata jua likiwaka. Tangu nije London anapanda meli, anapanda basi, anatazama, anarudi kukamua ng'ombe. Baba za wenzangu hupiga kelele mpaka sauti zikakauka. Baba hasemi kitu. Nami kutoka katikati ya uwanja najua kabisa kimya chake cha furaha na kimya chake cha kuudhika. Ndiyo maana barua yako ilinichekesha, unisamehe. Mwenye kimya chake alishindwa kusoma cha mwenzake.

Nimemwuliza kuhusu ile bahasha. Amesema aliogopa. Alidhani akija utamkatalia mbele ya macho yake, na karatasi haina macho.

Mama sijamwambia kama tunaandikiana, moyo wake usije ukapanda bure. Mama pia haji mechi. Anasema hakuzaa mtoto ili aje atazame anavyopigwa fimbo.

Babu, baba afanye nini sasa ili hili liishe?

Mansour


Makunduchi
6 Aprili

Mtani wangu,

Marahaba. Huyo Bi Lata wako ana maneno mengi. Msalimie.

Umeuliza baba yako afanye nini. Ningekuwa na uwezo ningemsimamisha uwanjani siku ya Mwaka, nikampiga na bua moja zuri, bichi, likaisha. Lakini mkwe hapigwi. Mkwe hata kumkazia macho ni aibu. Shida yangu ndiyo hiyo, Mansour. Wenzangu wote kila mwaka wanatoa vinyongo vyao uwanjani, wanarudi nyumbani wepesi. Mimi mgomvi wangu ni mtu nisiyeruhusiwa kumgusa. Narudi nacho kama nilivyokwenda nacho.

Lakini wewe ni mjukuu, na mjukuu ni mtani. Bibi yako, mke wetu, Mungu amrehemu, angekuwa hai mimi na wewe tungeshapigana kwa ajili yake. Basi njoo. Simama mahali pa baba yako, nikupige kwa niaba yake. Kikishanitoka, jua halizami ila mama yako nimempa radhi yake, tena kwa mdomo wangu.

Mwaka huu unaangukia Jumapili ya tatu ya Julai. Na kuna jambo jingine. Siku ile ni lazima kila nyumba iwe na mgeni, nyumba isiyo na mgeni haina heri. Mimi tangu mke wetu afariki huwa naazima mgeni kwa jirani. Ukija sitaazima.

Mkono huo utakuwa umepona?

Vuai


Walthamstow
20 Mei

Babu, shikamoo.

Plasta imetolewa. Mkono ulikuwa mwembamba na mweupe kiasi kwamba Bi Lata alicheka, akasema nimerudi kwa Waayalandi. Sasa napiga mpira kila jioni nikitoka kazini, kwenye ukuta wa nyuma ya soko, na nguvu zinarudi.

Nakuja. Tiketi nimekata. Fainali yetu ni Jumapili ya kwanza ya Julai, kwa hiyo nitaicheza, nitapumzika, kisha nitakuletea mgongo wangu ukiwa mzima. Ni fainali ya klabu za London, na klabu yetu haijachukua kombe tangu kabla sijazaliwa. Mimi ndiye mpigaji wa mipira ya adhabu. Mtu wetu akichezewa vibaya, wote wanasimama, uwanja unanyamaza, napiga peke yangu. Kocha anasema hapo kifua hakihitajiki, kinahitajika kichwa. Babu, niliachwa na timu ya mkoa nikaona nimekwisha. Hii klabu ya kwenye matope imenirudishia raha yangu yote.

Swali moja tu la kitaalamu. Wewe unapiga begani au mgongoni? Nijue niandae wapi.

Mtani wako,
Mansour


Walthamstow
8 Julai

Babu, shikamoo.

Tumetoka sare.

Dakika ya mwisho nilipewa mpira wa adhabu, mita arobaini, mbele ya goli kabisa. Kama ungeingia, kombe letu. Nimeshapiga maelfu ya namna ile. Uliponitoka kwenye fimbo nilijua. Ulipita nje ya nguzo ya goli, watu wakafanya "aaa" kwa sauti ya chini. Baba alikuwa penye bendera, na kimya chake siku ile sikutaka kukitazama.

Wenzangu hawakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Mimi nakuja Makunduchi kama nilivyoahidi. Usijali lolote.

Mansour


Clare, Ireland
10 Julai

Baba yangu,

Assalamu alaykum. Shikamoo. Shikamoo hii nimeiandika ingawa sijui kama utaiitikia.

Jana Tom amenieleza kila kitu kuhusu barua zenu. Nilimkasirikia kwa kunificha, kisha nikamwomba anioneshe picha zake alizotumiwa na Mansour, nikazisoma jikoni nikiwa nimesimama. Hati yako haijabadilika. Bado mistari inapanda juu ikifika mwisho, kama zamani ulipokuwa ukitutilia sahihi ripoti za skuli. Hapo nilikaa chini.

Baba, Mansour amekuficha jambo. Ile mechi ya sare inarudiwa, na imepangwa Jumapili ileile ya Mwaka. Ameshamwambia kocha wake kwamba hatakuwepo. Mpira alioukosa ndio uliowanyima wenzake kombe, na sasa anawaacha bila mpigaji, wala hajamlalamikia mtu. Lakini Bi Lata ameniambia kwa simu kwamba kila jioni bado anakwenda kwenye ule ukuta wa soko na fimbo yake. Anajiandaa kwa mechi ambayo hataicheza.

Mwanangu anacheza tangu ana miaka sita. Walipomwacha timu ya mkoa alilala kitandani uso ukutani, hataki chai, hataki kusemeshwa, nami nikakaa nje ya mlango wake na kikombe mkononi. Raha hii ameipata tena juzi tu. Nakuomba umruhusu aicheze. Radhi yangu mimi nitaingoja, kungoja nimeshazoea.

Na jambo la mwisho. Unisamehe nikiwa mkali, lakini ukali huu sikuuokota njiani, unajua nilikoutoa. Umeandika kwamba mkwe hapigwi. Umeandika pia kwamba Tom kwako hajaposa. Basi Tom ni nani wako? Kama ni mkwe, ndoa yangu umeikubali, nipe radhi yangu. Kama si mkwe, anapigika. Chagua moja, baba.

Binti yako,
Mwanabaraka


Makunduchi
12 Julai

Mwongo wewe,

"Usijali lolote." Mtu akiambiwa asijali lolote ndipo aanze kujali, lakini mimi mzee nikalala usingizi.

Mama yako ameniandikia. Nimeisoma barua yake mara ya kwanza nikakasirika, mara ya pili nikacheka, mara ya tatu nikamwambia mwalimu aniache peke yangu. Ana ulimi wa mke wetu vilevile. Amenibana kwenye pembe na sioni pa kutokea.

Usije. Nenda huko Ruislip kwenye matope yenu ukacheze. Bua nilikuwa nimeshalichagua, lipo nyuma ya jiko, basi litaliwa na mbuzi. Wenzako ulikuwa unawaacha kwa ajili yangu, na mtu anayewaacha wenzake uwanjani hata huku hatumtaki. Kuhusu hilo suala la radhi, Mwaka ni Mwaka, siwezi kudanganya kwamba kimenitoka na bado kimo. Nimekaa nacho siku zote hizi, mwaka mmoja zaidi hautaniua. Mungu akinipa uhai utanikuta mwakani.

Usinionee huruma ya mgeni. Nitaazima kama kawaida yangu.

Ukipewa ule mpira wa adhabu, piga tu. Usinifikirie mimi.

Vuai


Walthamstow
20 Julai, jioni

Babu, shikamoo.

Tumeshindwa. Pointi mbili.

Nilitaka kukuandikia kabla ya kumwandikia mtu mwingine yeyote, sijui kwa nini. Labda kwa sababu wewe ndiye uliyeniambia nicheze. Nilicheza vizuri, babu, nakuapia. Mkono haukuuma. Wao walikuwa bora kuliko sisi, basi.

Lakini kuna hili. Karibu na mwisho tukapewa mpira wa adhabu, na ukawekwa palepale nilipokosa mara ya kwanza, nyasi zilikuwa bado zina alama. Mimi kabla sijapiga huwa namtafuta baba kwa jicho. Nikatazama penye bendera ya kona. Koti la kijani lilikuwepo, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Ndani yake alikuwa mama.

Mama! Hajawahi kuja hata siku moja. Ameziba uso kwa mikono, anachungulia kwenye vidole. Nikapiga. Ulipita katikati kabisa, juu sana, nadhani bado unakwenda. Tulikuwa nyuma kwa pointi tatu, zikawa mbili, mwamuzi akamaliza mchezo. Wenzangu walinibeba kama tumeshinda sisi.

Nikamwuliza mama baba yuko wapi. Akasema, "Ana shughuli kwa watu." Watu gani? Akasema niende nikaoge. Simu ya baba imezimwa tangu juzi. Mama sasa yuko chini na Bi Lata, wanakunywa chai na kunong'ona, nikishuka wananyamaza.

Babu, nitakwambia ukweli kwa sababu wewe nimekudanganya mara moja na imetosha. Nimeumia. Hajawahi kukosa tangu nina miaka sita, kwenye mvua na theluji, na leo ndiyo amekosa. Nafikiri ile sare ilimchosha. Nafikiri alijua nitakosa tena, akaona asije akatazama.

Pole kwa Mwaka. Natumaini jirani alikupa mgeni mzuri.

Mansour


Makunduchi
21 Julai

Mjukuu wangu,

Baba yako alikuwa kwangu.

Alifika Jumamosi alasiri na kaka yake Bi Lata, mzee wa Mkunazini, ndiye mshenga wake. Amevaa kanzu ya kuazima inayoishia magotini. Mkononi kikapu cha halua na tambuu, na kwapani fimbo moja ya kwenu. Kumbe wamepanga wote, mama yako, Bi Lata na huyu mwalimu wangu ninayemwamini. Akasimama mlangoni akapiga hodi.

Nikanyamaza.

Akapiga ya pili, nikanyamaza. Ya tatu, nikanyamaza. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango namwona kwenye ufa. Safari hii hakukichukua kimya changu akaingia nacho. Alisimama pale juani, jasho linamtoka, kichwa kimekuwa chekundu, mpaka mimi mwenyewe nikasema karibu.

Nikamwuliza, "Umekuja kuposa?" Akasema ndiyo. Nikamwambia, "Posa nitaisikiliza kesho baada ya magharibi. Kabla ya hapo wewe si mkwe wangu, unapigika. Hukumu hii ameitoa binti yangu." Mwalimu akamtafsiria. Akasema, "Sawa, baba." Nikamlaza kitandani kwangu, mimi nikalala kwenye mkeka. Nyumba yangu ilikuwa na mgeni na sikumwazima.

Asubuhi tukatoka uwanjani. Habari zilikuwa zimeshatutangulia, wanawake wameshamtungia wimbo na sitakuandikia maneno yake. Nikampa bua na yeye. Akaliweka chini, akasimama mikono imening'inia. Mansour, nikainua bua langu, nikampiga bega kwa nguvu zangu zote na kwa miaka yote. Likakatika. Maji ya mgomba yakamrukia usoni. Akajifuta, akanitazama, akaniuliza kwa Kiswahili chake kibovu, "Moja tu, baba?"

Nilicheka mpaka nikakaa mchangani. Watu wakadhani nimeanguka, wakaja kuninyanyua. Nilipokuwa nimekaa pale nikakitafuta kile kinyongo, nikakitafuta tena, hakimo.

Sasa sikiliza. Ulipofika wakati wa mechi yako alianza kutia mkono mfukoni na kuutoa, kuutia na kuutoa. Nikamwuliza mwalimu huyu ana nini. Akaniambia kwamba mwanawe anacheza saa hizi, na hajawahi kumkosa. Nikamgeukia nikamwambia, sasa mbona umemkosa leo? Akajibu, "Yeye kule ana mama yake. Hapa hapakuwa na mtu." Hilo neno lilinitoa machozi, nikasingizia mchanga. Baadaye mama yako akatuma habari kwa simu ya mwalimu, kwamba mmeshindwa na kwamba ule mpira umepita. Baba yako akanyamaza. Nikamtazama vizuri, maana wewe umenifundisha. Kilikuwa cha furaha. Basi futa hayo uliyoyaandika, kwamba amechoka. Hajachoka.

Mmeshindwa, hewala. Mwaka wetu hauna mshindi na bado tunaungoja kila mwaka.

Baada ya magharibi nikaisikiliza posa. Nikaijibu kwa sauti mbele ya watu, asije akatokea tena mtu wa kunisomea kimya changu. Kisha nikamwambia mwalimu anipigie simu London, kwa mama yako. Akaniwekea sikioni. Sikusikia alichosema, masikio haya yamekwisha. Lakini binti yangu namjua, najua anaanza na neno gani akinisemesha. Nikamwitikia, "Marahaba."

Hapo nikamsikia analia. Kulia nasikia. Nikampa radhi zote, yangu na ya mama yake, nikazirudia mara mbili kwa sababu ya mtandao.

Wewe njoo mwakani. Ugomvi sina na wewe, ila lile "usijali lolote" nimeliwekea bua lake. Na fimbo aliyoniletea baba yako ni nzuri, nafukuzia mbuzi.

Baba yako anaondoka leo. Ninayotuma chini ya hii ni yake, ipokee wewe umpe. Nimeshamjibu kwa mdomo, lakini yeye aliniuliza kwa barua, na barua hujibiwa kwa barua. Naileta Walthamstow kwa kuwa ndiko ilikotoka ya kwake.

Babu yako,
Vuai


Makunduchi, Unguja
21 Julai

Mkwe wangu Tom,

Barua yako ya kumposa binti yangu Mwanabaraka niliipata. Uniwie radhi kwa kuchelewa kujibu.

Nimekubali.

Vuai